Shule ya Hatua Themanini

Kwa miaka kumi na tisa Verdell Gadsden alisimama kwenye kona moja tu, pale Mtaa wa Tamarack unapokutana na Barabara ya Hamsini na Mbili, magharibi mwa Filadelfia, akiwavusha watoto wanaokwenda shule. Kazi yenyewe ni ndogo: kizibao cha njano, kibao chekundu cha SIMAMA na filimbi shingoni. Lakini Verdell hakuwa mtu wa kufanya jambo kidogokidogo. Usichanani alikuwa kinara wa kikosi cha gwaride, yule anayetangulia mbele akirusha fimbo angani na kuidaka bila kuitazama, na mwili wake haukusahau. Kwa hiyo aliwavusha watoto kwa mdundo. Filimbi ililia prii, pri-pri, prii! nao wakakata barabara kwa miguu ya gwaride, mabegi yakiwarukaruka mgongoni. Madereva waliochelewa kazini walinuna mwanzoni, halafu ungeona vidole vyao vimeanza kugonga usukani.

Shule ya Octavia Binns ilikuwa hatua themanini kutoka kona ile. Verdell alizihesabu siku moja ya baridi alipokuwa hana la kufanya. Alisoma hapo, na mama yake kabla yake. Mwalimu wa muziki alipoondolewa na nafasi yake isijazwe, Verdell alichukua ngoma zilizokuwa zikiota vumbi stoo, akaanza kufundisha kikosi kila Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri. Hakuombwa na mtu. Ijumaa asubuhi kikosi kilivuka barabara kikipiga, na mtaa mzima ukajua kuwa wiki imekwisha.

Mtaa wenyewe ulikuwa unabadilika. Nyumba ya marehemu Mzee Clyburn ilibomolewa ndani ikabaki ganda, ikajengwa upya, ikatokea na mlango mweusi na watu weupe. Kisha ya pili, kisha ya tano. Pale palipokuwa kinyozi pakawa mkahawa wenye viti virefu visivyo na egemeo. Verdell hakuwa na kinyongo na wageni. Alijua mbwa wao kwa majina. Jambo moja tu lilimkera. Saa mbili kasoro asubuhi milango ile mipya ilifunguka, watoto wakatoka na visanduku vyao vya chakula, wakafungwa mikanda ndani ya magari, na magari yakakata kushoto kwenda shule za mbali. Katika miaka sita hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpa mkono avuke. Upande wa pili, ndani ya jengo lililojengwa kwa watoto mia tano, walibaki mia mbili na kumi na wanne, wote weusi.

Juni ya mwaka 2018 mwalimu mkuu, Bi Lavinia Outten, alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Verdell, kaa."

"Nikikaa sitainuka, magoti haya nayajua mwenyewe. Sema nikiwa nimesimama."

"Wakubwa wa elimu wameandika. Tusipopata watoto thelathini wa chekechea kufikia Ijumaa ya mwisho ya Agosti, mwaka unaofuata Binns inaunganishwa na shule ya ng'ambo ya barabara kuu."

"Na sasa tuna wangapi?"

"Kumi na saba."

Verdell akakaa.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta aliitwa Tess Kowalczyk, fundi wa kutengeneza violini, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyekundu na aibu nyingi. Alikuwa na binti wa miaka mitano, Willa. Jumamosi iliyofuata Verdell alimkuta ameketi kwenye ngazi za mbele na kikombe cha kahawa, naye akaketi ngazi ya chini yake.

"Jirani, huyu mwanao Septemba anaanza chekechea, siyo?"

Tess akapaliwa. "Ndiyo. Tumejaza fomu ya bahati nasibu ya nafasi za shule za mbali. Shule tano."

"Na Binns ni ya ngapi?"

"Binns... haimo, Bi Verdell."

"Haimo! Wewe ukipiga chafya hapa, walimu wa pale wanasema 'afya'!"

Uso wa Tess ukafanana na nywele zake. "Niliangalia alama zake kwenye mtandao. Mbili kati ya kumi."

"Umewahi kuingia ndani?"

"Hapana."

"Basi wewe umekataa mchumba kwa kutazama picha ya mguu."

Tess alicheka bila kutaka. Kabla hajajibu, mlango ulifunguka nyuma yake, Willa akatoka amejifunga sufuria kiunoni kwa mshipi wa baba yake, mwiko mkono wa kulia, mwiko mkono wa kushoto.

"Mama! Huyu ndiye mwenye filimbi!"

Kumbe kila Ijumaa mtoto alikuwa anapanda kochi dirishani na kupiga sufuria pamoja na kikosi. Mama yake alidhani ni utundu tu. Verdell akampulizia mdundo taratibu, na Willa akaupiga ule ule, akakosea mwishoni, akaanza upya bila kuambiwa. Verdell akamgeukia Tess.

"Jumatano, saa nne. Njoo uone. Usipopenda, nitakuokea keki na sitakuuliza tena."

Hakumsema vibaya, wala hakumlaumu moyoni, kwa sababu alikuwa na yake ya kukumbuka. Mwaka 1974, akiwa na miaka tisa, mama yake mwenyewe alimchagulia shule ya mbali. Jiji lilikuwa limefungua nafasi kwa watoto weusi katika shule za wazungu kaskazini, na mama akaona kule kuna vitabu vipya na maabara. Verdell na wenzake kumi walipanda basi saa kumi na mbili na nusu, safari ya saa nzima na zaidi, na kule wakatawanywa madarasa mbalimbali. Vitabu vilikuwa vipya kweli, na hesabu alizijua vizuri mwaka ule. Lakini mwalimu alimwita Darlene kuanzia Septemba hadi Juni. Darlene alikuwa msichana mwingine mweusi. Na wakati wa kula, meza aliyoketi Verdell ilikuwa na viti vinane na mtu mmoja. Mwaka ulipokwisha alimwambia mama, na mama akalia jikoni huku anakaanga samaki, akasema, "Nilikutafutia vitabu, mwanangu, sikukutafutia upweke." Septemba iliyofuata akarudi Binns kwa miguu. Kwa hiyo Verdell alimwelewa mzazi anayezunguka mji akitafuta. Alijua ni mapenzi yanayomzungusha.

Jumatano Tess alikuja. Alimkuta mwalimu wa chekechea, Bwana Renwick Tolliver, pande la mtu mwenye sauti ya chini, amelala kifudifudi sakafuni na watoto kumi na tano, wanamsomea kobe hadithi. Kobe aliitwa Jaji. Kila mtoto alisoma ukurasa mmoja, na Jaji akifumba macho, walirudia kwa sauti kubwa ili asikose. Tess alikaa dakika kumi alizokuwa ameahidi, kisha arobaini, kisha Bwana Tolliver akampa majani ya saladi amlishe Jaji. Alipotoka alisimama kando ya Verdell pale kona.

"Mbona hakuna mtu aliyeniambia?" akauliza.

"Ulimuuliza nani?"

 Wiki ile ile Tess alimwandikisha Willa, kisha akafanya jambo ambalo Verdell hakulitarajia: aliwaalika wazazi wa nyumba mpya kwake, familia nane, akamwomba Verdell aje aieleze shule. Verdell akaoka keki ya limau, akavaa hereni zake kubwa.

Habari zilimfikia Odessa Purnell kabla keki haijapoa. Odessa alikuwa rafiki yake tangu wakiwa na meno ya utoto, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na mjukuu wake alikuwa darasa la nne. Alimkamata Verdell mbele ya duka la samaki.

"Nasikia unapeleka keki kwa wazungu."

"Napeleka."

"Miaka mitatu tulilia bomba la maji ya kunywa lirekebishwe. Mitatu, Verdell! Walikuwa wapi? Halafu jana fundi kaja, kisa? Kasikia wageni wanakuja kuangalia. Leo bomba, kesho rangi, keshokutwa sisi tunaambiwa mjukuu wangu hana nafasi. Nawe unawabembeleza!"

Neno lile lilimchoma Verdell. "Sibembelezi mtu. Nabembeleza mlango usifungwe."

"Mlango ni wetu."

"Wetu? Haya, Danita wako kampeleka wapi Jahzara?"

Odessa akageukia dirisha la samaki. Binti yake Danita alikuwa amepata nafasi kwa bahati nasibu, na mtoto wa miaka mitano alikuwa anajiandaa kuvuka mto kila siku kwa basi la njano.

"Hilo ni la Danita," Odessa akasema mwishowe.

"Na la nyumba nyingine ngapi za kwetu? Kila mtu anakimbia kivyake, Dessa, mweusi kwa mweupe, halafu tunashangaa nyumba iko tupu. Ukitaka, wagombeze wa kwako, mimi niwagombeze wa Tess."

Wakaachana bila kuagana, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1981.

Kwa Tess watu walijaa hadi ngazini. Walikuwa na adabu, wakaisifu keki. Wakauliza maswali ya maana: maktaba, usalama, ukubwa wa madarasa. Verdell akaanza kufurahi. Kisha akasimama baba mmoja mrefu, Spencer Aldworth, mwenye kishikwambi mkononi. Alikuwa ameandaa mpango.

"Tukienda, twende pamoja," akasema. "Watoto tisa tunatosha kuomba wawekwe darasa moja, tuchague mwalimu. Baadaye tunaweza kupendekeza jina jipya, ili shule ianze ukurasa mpya. Na hizo ngoma za Ijumaa, labda zihamishiwe ndani. Nafanyia kazi nyumbani."

Baadhi ya vichwa vikatikisika kukubali. Verdell akaweka sahani chini.

"Bwana Spencer, unaongea kama wakala anayeonyesha nyumba tupu. Ile nyumba ina watu."

Akawasimulia. Hakupandisha sauti. Basi la asubuhi, jina la Darlene, meza ya viti vinane. Mama mmoja alianza kumtafutia leso, kumbe Verdell mwenyewe anatabasamu.

"Sasa nisikilizeni," akasema. "Mkiwaweka watoto wenu peke yao kwenye darasa moja, mtakuwa mmeijenga shule ile ile niliyoikimbia. Tofauti ni kwamba safari hii mimi mwenyewe ndiye nitakayewavusha kwenda huko. Siwezi. Binns haiombi kuokolewa. Inaomba watoto wa mtaa wake. Njooni kama majirani, mpange foleni kama majirani, mwanao apangiwe alipopangiwa. Kuhusu ngoma, nenda kanunue pamba ya masikio. Ngoma zilikuwapo kabla ya mlango wako mweusi."

 Kisha kutoka juu ya ngazi, ambako alipaswa awe anaoga, sauti ya Willa ikashuka: "Na mimi nataka ngoma kubwa!"

Watu wakapasuka kwa kicheko, hata Spencer akatabasamu upande mmoja. Tess akavuta pumzi, yeye asiyependa kusema mbele za watu. "Willa anakwenda," akasema. "Darasa lolote." Familia tano ziliondoka zikisema zitafikiri, na unajua maana yake. Tatu zilibaki kuosha vyombo na kuomba fomu.

Ilipofika Agosti waliandikishwa watoto ishirini na mmoja. Verdell alikuwa amegonga kila mlango wa Tamarack, magoti yamevimba. Jioni moja kabla jua halijazama, Odessa alikuja na mfuko wa barafu, akauweka juu ya goti la rafiki yake bila salamu.

"Nimemgombeza Danita," akasema.

"Kasema nini?"

"Kasema, 'Mama, we mwenyewe hujasema jema la shule ile miaka kumi, kutwa unalalamika bomba, nami nikusikilize nini?'" Odessa akauma mdomo, akacheka. "Kanipata, mtoto yule. Kanipata hasa. Tufanye sherehe ya mtaa, Verdell. Watu hawaandikishi watoto kwa barua. Waone."

Basi Jumamosi ya mwisho kabla ya siku ya mwisho, mtaa ulifungwa magari kutoka kona hadi kona. Meza zilitandazwa katikati ya lami. Palikuwa na kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, mahindi, na ndoo za barafu ya limau na ya cheri iliyopaka midomo ya watoto rangi nyekundu. Baba mmoja wa Kivietinamu kutoka nyumba ya kona alileta sinia la mikate ya nyama, likaisha kabla hajaliweka mezani. Bwana Tolliver alimleta Jaji ndani ya beseni, na foleni ya kumtazama ikazidi ya chakula. Chini ya mwavuli Odessa aliketi na fomu na kalamu kumi, kofia ya kanisani kichwani.

"Njoo hapa, wewe!" alimwita kila mzazi apitaye. "Una mtoto wa miaka mitano? Huna? Una wa jirani?"

Saa kumi jioni ngoma zikalia kutoka mwisho wa mtaa. Kikosi cha Binns kilishuka Tamarack kwa safu nne, fulana za zambarau, glavu nyeupe, viatu vinapiga lami kama mvua ya mawe. Watu walisimama juu ya viti. Mbele yao alikuwa Verdell, hakuna kizibao, hakuna kibao, ana buti nyeupe za zamani alizozipigania kuzifunga zipu, na fimbo mkononi.

"Bi Verdell, usithubutu!" Bi Outten akapiga kelele. "Magoti!"

Verdell akathubutu. Fimbo ikaondoka mkononi, ikapanda juu ya nyaya za umeme, ikazunguka ikimetameta, mtaa mzima ukaifuata kwa macho na midomo wazi. Kwa muda ule alikuwa na miaka kumi na sita. Akanyoosha mkono nyuma ya mgongo, hakutazama, na fimbo ikarudi kama mtoto aliyeitwa chakula.

Kelele zilizotoka hapo zilisikika hadi mtoni. Danita, aliyekuwa amekuja kula kuku tu, alimtafuta Jahzara akamkuta katikati ya kikosi, ameshapewa matoazi na hataki kuyarudisha. Alimvuta mkono mara mbili. Ya tatu akamwacha, akaenda kwenye meza ya mama yake.

"Nipe hiyo fomu, na usiseme neno."

"Mimi?" Odessa akasema. "Sijasema kitu." Akampa kalamu, machozi yanamlengalenga chini ya kofia.

Siku ile peke yake waliandikishwa kumi na wanne. Kufikia Ijumaa walikuwa thelathini na wanane: watoto weusi walio wengi, weupe sita, Wavietinamu wawili, na pacha wa Kibengali ambao mama yao alikuwa anatafuta tu choo akakutana na Odessa. Ikabidi lifunguliwe darasa la pili la chekechea. Spencer hakuja. Gari lake liliendelea kukata kushoto kila asubuhi, naye akawa anampungia Verdell mkono, na Verdell akimrudishia, maana mwaka una mwakani.

Si kila kitu kilinyooka. Kwenye kikao cha kwanza cha kamati ya wazazi, mama mmoja mgeni alizungumza dakika ishirini kuhusu bustani ya mboga, mpaka Odessa akagonga meza: "Mwanangu, umeshasema. Sasa pumzika, wenye miaka kumi hapa nao waseme." Yule mama akakaa, akasikiliza, na mwezi uliofuata akapewa kazi ya kupanga viti, akavipanga vizuri.

Ijumaa ya tatu ya Septemba, watoto wa chekechea waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuvuka nyuma ya kikosi. Willa alikuwa na kingoma kidogo na Jahzara matoazi. Walifika katikati ya barabara, Verdell kibao juu, magari yamejipanga pande zote, ndipo Willa akasimama ghafla, akashika mdomo.

"Jino langu!"

Lilikuwa linalegea wiki nzima. Limeanguka hapo hapo, kwenye mistari myeupe.

"Hakuna anayesogea!" Jahzara akaamuru, na watoto wa madarasa yote wakapiga magoti barabarani, ngoma kando, wakipapasa lami. Verdell alijua kanuni: barabara haifungwi zaidi ya dakika moja. Akainua kibao juu zaidi. Honi zikaanza. Dereva wa basi la namba hamsini na mbili akafungua mlango, akashuka kuja kugomba.

"Bi Verdell, kuna nini leo?"

"Jino limepotea."

"La nani?"

"La mtoto wangu," akasema Verdell.

Dereva akatazama saa yake, akatazama foleni ya magari, akavua kofia. "La juu au la chini?" akauliza, naye akapiga magoti.